Issa Alipandishwa Kabla ya Kukomaa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani tangu ujana wangu hadi hizi mvi unazoziona. Ni siku niliyompakia mama wa watu kwenye baiskeli kutoka Nkowe hadi Nachingwea, kwenda kurudisha jezi ya mwanawe. Njia nzima hakuniambia anakwenda kusema nini. Alikaa nyuma yangu, kanga ameifunga vizuri, ile jezi ameikunja na kuiweka mapajani kama nguo ya marehemu. Kila nilipomuuliza kama amechoka, alinijibu, "Endesha tu, baba."

Nitakueleza yaliyotokea siku hiyo, lakini niache nianze mbali kidogo. Ukiisikia siku hiyo peke yake utadhani ni habari ya mama mwenye hasira, na haikuwa hivyo.

Mimi na Issa tulizaliwa Nkowe. Kati ya nyumba yao na yetu palikuwa na shamba la mikorosho la babu yake, na njia yetu ya kwenda shule ilipita katikati yake. Mimi nilikuwa mnene kidogo, mzito wa miguu, nacheza beki kwa sababu hakuna aliyetaka kucheza beki. Issa alikuwa winga. Alikuwa mwembamba, shingo ndefu, na akikimbia na mpira alikuwa anacheka. Sisemi anatabasamu, nasema anacheka kwa sauti, mpaka beki anayemfukuza anakasirika akidhani anachekwa. Nimewaona akina mama wanaotoka kisimani wakitua ndoo zao kando ya uwanja wa shule ili wamtazame mtoto yule anavyokimbia. Mama yake mwenyewe, Bi Somoe, hakuwa na habari za mpira. Yeye alijua tu kwamba mwanawe akirudi jioni anakula sana.

Wakati huo timu ya mji wa Nachingwea ilikuwa na timu ya pili iliyoitwa Chipukizi. Msimamizi wake alikuwa Mwalimu Kosmas, mwalimu wa shule ya msingi, Mkatoliki, mtu mrefu aliyevaa kofia ya majani na kuendesha baiskeli isiyokuwa na breki. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Vijiji vyetu vilikuwa na timu za vijana, Nkowe, Malolo, Nanganga na kwingineko, na Chipukizi walizunguka kucheza nazo. Kijana aliyeonekana ana kitu alichukuliwa Chipukizi. Akicheza huko msimu mmoja, miwili, mitatu, ndipo anapewa nafasi timu kubwa. Wengine hawakupewa kabisa. Mimi na Issa tulikuwa miongoni mwa vijana wake.

Mwalimu Kosmas hakuwa na haraka na mtu. Watu walidhani anatazama miguu ya vijana. Mimi nilikaa naye vya kutosha kujua kwamba alitazama kijana anafanya nini akishakosea. Ukipoteza mpira ukasimama na kushika kiuno, alikuwa anaona. Ukipoteza mpira ukarudi kuutafuta, alikuwa anaona pia. Na ukichechemea, hata kidogo, hata kama ulijificha, alipiga filimbi na kukutoa. Hakuna aliyebishana naye, kwa sababu pembeni palikuwa na kijana mwingine amekaa anasubiri kuingia.

Sasa timu kubwa ikapanda daraja. Mji mzima ulifurahi, na sisi wa vijijini tulifurahi. Mwenyekiti wa timu alikuwa Bwana Makota, mfanyabiashara wa korosho. Nisimsingizie marehemu: alikuwa mkarimu, alikuwa anaipenda timu ile kuliko afya yake. Lakini furaha ya kupanda ilimfanya aone kila kitu cha zamani ni kidogo. Aliitisha kikao akasema timu iliyo na wakubwa haina nafasi ya kulea. Nafasi ya kulea ni nyumbani. Wachezaji walioiva wapo mijini, waletwe. Na kama huku vijijini yuko mwenye kipaji, aje moja kwa moja, kwa nini kumzungusha Malolo na Nanganga kucheza na watoto wenzake? Safari za Chipukizi zikasimamishwa, mipira ikachukuliwa, Mwalimu Kosmas akashukuriwa mbele za watu na kupewa kofia mpya.

Yeye alisema neno moja tu katika kikao kile, nilisimuliwa baadaye. Alisema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, mchezaji akiumia, atakayeingia atatoka wapi?" Wakacheka. Walidhani mzee anatetea cheo chake.

Issa alichukuliwa wiki ile ile. Alikuwa bado hajaanza kunyoa ndevu. Gari lilikuja hadi Nkowe, jambo ambalo halikuwa la kila siku, na watoto walilikimbilia mpaka njia panda. Mimi nilibaki. Sitakuficha kwamba niliumia, lakini sikumwonea kijicho. Mtu akimwona Issa anakimbia hawezi kumwonea kijicho, anaweza tu kutamani kukimbia kama yeye.

Mechi zake za kwanza zilikuwa za maajabu. Jina lake lilitajwa redioni, na siku hiyo Bi Somoe alikuwa anapura ufuta. Watu walimkimbilia uani wakipiga kelele, naye akadhani mwanawe amekufa. Walipomweleza alikaa chini, akafunika uso kwa kanga, halafu akainuka na kuendelea na kazi yake. Alikuwa mama wa namna hiyo.

Alipokuja nyumbani sikukuu ya Idi, Issa alikuwa amebadilika. Alikuwa na viatu vizuri na shati la mikono mirefu, lakini hakutaka kucheza na sisi uwanjani. Tulikaa pembeni, mimi na yeye, tukitazama wadogo zetu.

"Wale watu ni wazito, Baka," aliniambia. Baka ndilo jina langu la utotoni. "Ukigongana nao unasikia mpaka kwenye meno."

"Utazoea."

"Nitazoea lini? Kila mechi ni mimi. Goti linaniuma tangu mwezi ule."

"Si useme?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Nikisema, niseme kwa nani? Wa kuingia badala yangu hayupo. Mwenyekiti ameniambia watu wanakuja uwanjani kuniona mimi."

Hapo hakuwa anacheka, mwanangu. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipomwona anakimbia anacheka, nikakuta ni hapa hapa Nkowe.

Sisi tuliobaki, Mwalimu Kosmas hakutuacha. Hakuwa na mipira, hakuwa na kibali, hakuwa na chochote isipokuwa ile baiskeli na lile jambo alilokuwa analiamini. Alipita kijiji kwa kijiji, akazungumza na wazazi Waislamu baada ya swala ya Ijumaa na wazazi Wakristo baada ya misa ya Jumapili, akapanga mechi kama zamani. Tulipanda baiskeli wawili wawili hadi Malolo, wenyeji wakatupikia ugali na mbaazi, tukacheza, tukarudi na vumbi. Nanganga tulifungwa vibaya mara nyingi. Tulikosea tukarudi kutafuta mpira. Hakuna redio iliyotutaja. Na katika mechi zile, bila kujijua, tulikuwa tunakua.

Siku Issa alipoumia nilikuwepo. Nilisimama nyuma ya goli na vijana wenzangu wa Nkowe, tumekwenda kumwona. Tangu anaingia niliona anaukanyaga mguu wa kulia kwa kuuogopa. Kipindi cha kwanza kilipoisha walimfunga bendeji nene, wakampiga sindano ya kutuliza maumivu, wakamrudisha. Uwanja ulimshangilia alipoinuka. Mpira ukaja upande wake, akauendea, na beki wa wageni akauendea pia. Mimi ni beki, na nakuambia yule mtu hakumchezea vibaya. Aliuendea mpira kama inavyotakiwa. Ila yeye alikuwa mtu mzima, na Issa alikuwa kijana mwenye goti moja.

Tulisikia mlio. Issa hakulia. Alikaa chini akageuza shingo ile ndefu kutazama benchi, na pale kwenye benchi walikuwa wanatazamana. Nilimsikia mtu anauliza, "Anaweza kuendelea?"

Alilazwa katika hospitali ya misheni. Viongozi walikuja kumwona na machungwa, wakaomba dua, wakaondoka. Halafu timu ikasafiri, halafu ikasafiri tena. Daktari alisema kano za goti zimekatika, na kwamba goti lile lilikuwa limeanza kuharibika siku nyingi kabla ya siku ile. Issa alirudishwa Nkowe juu ya lori la korosho, amelala kwenye magunia, mguu umenyooshwa. Tulimshusha mimi na kaka yake. Alikuwa mwepesi mno.

Hakuwa hata amezoea magongo pale ujumbe ulipofika kutoka Nachingwea. Aliyeuleta alikuwa mtu mwema na aliona haya kuusema. Timu ilikuwa inaomba jezi, maana jezi ni chache, na ile namba ataivaa mchezaji mpya.

Issa alisema, "Iko kwenye begi." Akageukia ukutani.

Mama yake aliitoa, akaifua, akaianika. Ilipokauka akanijia. "Baba, unaweza kunifikisha Nachingwea kesho?" Nikasema naweza.

Ndiyo hiyo siku niliyokuambia. Tuliondoka mapema, tukapita Ruangwa, na tulipofika Nachingwea jua lilikuwa kali na miguu yangu imekufa ganzi. Ofisi ya timu ilikuwa chumba kimoja karibu na soko, na viongozi walikuwa wamekaa kwenye kikao. Bwana Makota alipomwona Bi Somoe mlangoni alisimama. Akamwamkia vizuri, akamvutia kiti. Mama hakukaa.

"Sikuja kudai kitu," alisema. "Nimeleta nguo yenu. Nimeifua."

Akaiweka mezani. Mimi nilibaki karibu na mlango.

"Pole sana, mama," Bwana Makota alisema, na najua alimaanisha. "Sisi wote tumeumia. Mpira ndivyo ulivyo. Ajali haina kinga."

"Ajali ni mti kumwangukia mtu njiani," Bi Somoe akajibu. Hakupandisha sauti. "Mwanangu alijua goti linauma, na nyinyi mlijua, ndiyo maana mkampiga sindano. Hiyo mnaiitaje?"



"Mimi mpira siujui," akaendelea. "Nimelima. Issa alipoanza kwenda shamba nilimpa jembe dogo. Jembe kubwa lilikuwepo, la baba yake, limeegemezwa pale pale ukutani, na kazi ilikuwa nyingi, na baba yake alikwisha kufa. Ningeweza kumpa lile. Nilimpa dogo kwa sababu mgongo wake ulikuwa mdogo. Nikangoja. Nyinyi mlikuwa na mahali pa kumngojea kijana, Mwalimu Kosmas alikuwa anapashika vizuri. Alikuwa anakuja hadi kwangu kuniuliza, mama, mtoto analala vizuri? Mkapafunga. Mkampa mwanangu jembe la watu wazima, na lilipomvunja mmemtuma mtu aje kulichukua jembe."

Nimesikia watu wengi wakisema mbele ya wakubwa, mwanangu, wengine wamesoma sana. Sijamsikia hata mmoja aliyesema kama yeye. Bwana Makota aliishika jezi akawa anaitazama. Machozi yalimlengalenga. Alikuwa anatafuta jambo la kufanya, na mtu mwenye huzuni akitafuta jambo la kufanya kwa haraka hulifanya lile lile analolizoea. Macho yake yakanifikia mimi pale mlangoni.

"Huyu kijana si ndiye Bakari wa Nkowe? Beki?" aliuliza. "Nimesikia habari zako. Mama, nisikilize. Jezi hii isiondoke Nkowe. Huyu ndugu yake Issa aivae. Aanze wiki hii. Itakuwa heshima kwa mwanao."

Akaninyooshea ile jezi.

Nikuambie ukweli wa moyo wa kijana. Niliitaka. Nilikuwa nimempakia mama wa rafiki yangu safari nzima, namjua Issa alivyolala, nimeusikia mlio wa goti lake kwa masikio yangu, na bado niliitaka. Nilisikia redio inataja jina langu. Mkono wangu ulikwisha kunyanyuka.

Bi Somoe akanigeukia. Sikuona hasira usoni mwake. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya.

"Baba," alisema, "mimi si mama yako, siwezi kukukataza. Nijibu jambo moja tu. Wewe ukiumia, nani amekaa anasubiri kuingia?"

Nikafikiri. Nikamtazama Bwana Makota. Naye akanitazama.

"Hakuna, mama," nikasema.

"Basi hujaitwa kucheza. Umeitwa kuziba."

Mkono wangu ulishuka wenyewe. Nilisema kwa sauti ndogo, hata sijui kama walinisikia wote, kwamba naomba nibaki kwa Mwalimu Kosmas kwanza. Kiongozi mmoja aliguna. Mwingine akasema nitakuja kujuta.  Bwana Makota aliikunja jezi vile vile ilivyokuwa imekunjwa na mama, akaiweka mezani.

Wakati wa kurudi tulifika mahali penye mlima, tukashuka kuisukuma baiskeli. Hapo ndipo Bi Somoe alipolia. Alisimama katikati ya njia, mikono kichwani, akalia kilio cha msibani, na mwanawe yu hai nyumbani. Mimi nilishika baiskeli nikatazama mashamba. Nilikuwa kijana, sikujua kumbembeleza mtu mzima. Alipomaliza akajifuta, akasema, "Twende, Issa hajala."

Timu ilishuka daraja msimu ule. Wale wachezaji walioletwa kutoka mijini walibeba mabegi yao wakaenda zao, na siwalaumu, walikuwa watu wa kazi na kazi ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni uwanja mtupu. Siku moja tukiwa Malolo tunacheza, nilimwona Bwana Makota amesimama juani peke yake, mikono nyuma. Alitazama mpaka mwisho. Kisha akamfuata Mwalimu Kosmas, wakazungumza wakitembea polepole kuzunguka uwanja, sisi tukiwa tunawachungulia.

Mwalimu hakumsuta. Alimwomba mambo ambayo Mwenyekiti aliyakubali yote: Chipukizi warudi, kijana asipandishwe mpaka nyuma yake awepo mwingine, na anayesema anaumwa akae, hata kama ni fainali. Tulipanda kidogo kidogo, leo huyu, msimu mwingine yule. Mimi nilingoja sana. Nilipovaa jezi ya timu kubwa ndevu zilikuwa zimejaa, na beki wa wageni akinigonga tulianguka wote wawili. Sikuwa nyota. Nilicheza mpaka nikaoa, nikapata watoto, nikaacha kwa hiari yangu. Kabla ya kila safari Bi Somoe alikuwa ananiuliza benchi lina watu, nami nikimwambia lina watu, ananiruhusu kwenda kana kwamba mimi ni wake.

Na Issa? Utapenda nikuambie kwamba alipona, akawa kocha, akafundisha watoto. Hakupona na hakufundisha. Aliishi, alilima, alioa mke mwema, alikuwa na korosho nzuri kuliko zangu. Aliendesha baiskeli kwa mguu mmoja, ule mwingine unaning'inia. Msikitini aliswali ameketi pembeni, mguu ameunyoosha mbele, wakati sisi wa rika lake tunasujudu. Uwanjani hakukanyaga tena. Redio ikianza kutangaza mpira alikuwa anainuka na kutoka nje, bila kumkaripia aliyeiwasha.

Mara moja tu alinigusia jambo hilo. Tulikuwa tunaokota korosho shambani kwake, tumekwisha kuwa wazee, akasema bila kunitazama, "Unajua, Baka, yule beki hakuniumiza. Nilikuwa sijamaliza kukua." Akaendelea kuokota. Amefariki karibuni, na nimemzika mimi. Mungu amrehemu.

Sasa, mwanangu, nije kwako. Wameniambia umechaguliwa kuingia kwenye kamati ya timu, na kwamba kuna mjadala. Wenzako wanasema timu kubwa ya leo haihitaji ligi ya vijana. Wanasema kipaji kinaonekana kwenye simu, mtu anatuma video, anaitwa, anasajiliwa. Wanasema wageni walioiva wapo tele na ligi ya vijana inakula mafuta ya gari bila kuleta ushindi. Uliponiuliza mawazo yangu jana sikukujibu, nikakuambia uje leo. Nilitaka nikueleze habari za Issa nikiwa nimetulia.

Wenzako si wajinga. Wanasema kweli kwamba ligi ile haileti ushindi wa Jumamosi hii. Na nitakuongezea jambo ambalo wao hawakulisema, maana mimi nimekaa ndani yake. Ligi ya vijana nayo inaweza kumdhulumu mtu. Alikuwepo mwenzetu mmoja wa Nanganga, Chande, kiungo mzuri, ambaye alikaa Chipukizi mpaka wadogo zake wakampita. Mwalimu Kosmas alimpenda, akashindwa kumwambia kwamba hatapanda. Chande alikuja kujua mwenyewe, kwa kuchelewa, wakati wenzake wa rika moja walikwisha panda mikorosho na inazaa. Alianza biashara ya ufuta ukubwani, akafanikiwa, lakini mpaka leo akikumbuka ile miaka uso unabadilika. Aliniambia angeshukuru kuambiwa mapema. Kwa hiyo sisemi ligi ile haina kasoro.

Lakini nisikilize. Video inakuonyesha kijana anavyopiga chenga. Haikuonyeshi anavyofanya akishakosea, wala haikuambii goti lake limelalaje usiku. Hayo yanajulikana kwa kumtazama kijana huyo huyo, Malolo, Nanganga, siku ya mvua na siku ya jua, mahali ambapo akikosea hakuna anayepoteza ajira. Mahali hapo lazima pawepo. Msipopaweka nyinyi, kijana atakosea mbele ya watu wote, na mtamtupa. Au hatakosea, na mtamtumia mpaka aishe. Mimi nimeona yote mawili.

Kwa hiyo ukiingia kikaoni, itetee ligi ya vijana. Itetee hata wakikucheka, Mwalimu Kosmas alichekwa. Waambie si kwa ajili ya kupata nyota, maana mwaka mwingine haitatoa nyota hata mmoja. Waambie ni ili mtu mzima akichoka apumzike, na kijana akiumwa aweze kusema. Na ukiitetea, ilinde isigeuke kuwa chumba cha kungojea kisicho na mlango. Kijana ambaye hatapanda aambiwe na mtu anayempenda, ana kwa ana, angali na nguvu za kuanza jambo lingine. Usimtume mtu amwambie. Nenda mwenyewe, kaa kwa mama yake, kunywa maji yake, useme.

Na ninyi vijana mnaocheza, ukiwemo wewe mdogo wake huyu unayesikiliza hapo kimya, msiione aibu timu ya pili. Anayekuambia umekwisha iva, muulize ana nani mwingine. Akikosa jibu, rudi nyumbani ukaendelee kukua. Mwili wako hautakutangazia redioni siku utakapokuwa tayari, lakini utakuambia, na watu wanaokutakia mema watakuambia. Wasikilize hao kabla ya wanaokushangilia.

Nimesema mengi, koo limekauka. Inama nikushike kichwa. Mungu akupe ulimi mtulivu katika kikao chako, na moyo usiotishwa na wengi. Akukinge usije ukawa sababu ya mtoto wa mtu kulemaa. Awape vijana wa Nkowe na Malolo, wa Ruangwa na Nachingwea, miguu yenye afya na watu wazima wenye subira nao. Wanaopanda wapande salama, na wasiopanda wapate heri yao shambani, dukani na popote Atakapowafikisha. Nenda, mwanangu, radhi zangu unazo.